Gunia Nililolichezea

Shikamoo, baba.

Nimejiitikia mwenyewe kwa niaba yako, maana ule ukimya ungenimaliza. Naogopa, baba. Ningekuwa na mtu mwingine wa kumwambia nisingekusumbua huko uliko.

Tangu utuache, mama na wadogo zangu wamehamia Laela kwa baba mdogo. Yule mdogo wako sasa ana lori lake, na mahindi ya nusu ya kijiji chetu yanapita kwake. Ndiye aliyenileta chuoni hapa Sumbawanga, ndiye anayenilipia ada, hata hili sweta nililovaa kaninunulia yeye, maana baridi ya huku unaijua. Hatujawahi kulala njaa kwake. Hilo naliweka wazi kwanza.

Hapa tuna somo la haki za jamii. Mwalimu alitaka tueleze kwa nini watu wanaolima udongo mmoja, wengine wanazidi kupata na wengine wanazidi kukosa. Wenzangu waliandika mambo ya mijini. Mimi nikaandika lumbesa. Nikaeleza jinsi ushirika ulivyoacha kununua na mizani yake ikaondoka, malori ya watu binafsi yakaja, na gunia likaanza kuota kichwa: linajazwa, linashindiliwa, linaongezwa juu na kufungwa kamba, na bado mkulima analipwa gunia moja. Mwalimu akafurahi mno. Nami, mjinga, nikafurahi naye.

Furaha hiyo imeniponza. Jumamosi darasa zima linakwenda Laela, kwenye mkutano wa wakulima na wanunuzi, na mimi ndiye nitakayesimama kusema. Baba mdogo atakaa mbele.

Amekwisha kusikia. Juzi alipita na lori, akaniletea unga wa ulezi kutoka kwa mama, akasema taratibu, bila hasira: "Soma, mwanangu. Ila ukumbuke ugali anaokula mama yako unatoka wapi." Angefoka ningepumua. Tangu hapo, nikisikia honi ya lori barabarani nasimama. Akimtoa mama pale nyumbani? Wadogo zangu waende wapi, baba?

Unaukumbuka ule mwaka wa kwanza wa malori? Baba mdogo, wakati huo akiwanunulia wenye malori, alininyanyua akaniweka juu ya gunia lako, akaniambia nicheze. Nikacheza, baba! Nikaruka, watu wakapiga makofi, mahindi yakashuka, wakaongeza mengine. Ukanishusha, ukanipangusa vumbi miguuni kwa kofia yako, ukasema tu, "Twende nyumbani, Skola." Njia nzima hukutamka neno jingine. Nilidhani umechoka. Sasa naona uliogopa, kama ninavyoogopa mimi, maana alikuwa ndugu yako na hapakuwa na mnunuzi mwingine.

Pumzika, baba. Kama kuna namna ya kumshika mama mkono siku hiyo, mshike.

Nami nakuahidi hivi. Jumamosi nitaanza kwa kupiga magoti mbele ya watu wote nimwamkie baba mdogo, kwa kuwa ni baba yangu. Kisha nitasimama. Jina lake sitalitaja. Nitawasimulia gunia moja tu, lako, na miguu yangu iliyolishindilia.

Mwanao,
Skolastika