Mama wa Nani

Kamina, siku ya posho, magaribi, 1956

Basi bamechagua mwingine. Banamuke ba Rodezia na Angola batakuja ku maternité yetu kuzungumuza namna ya kulinda bamama na batoto, na leo tulitafuta mwenye atasema kwa jina ya Kamina. Kila mumoja alijiita kwa mutoto wake: Mama Ilunga, Mama Kabamba. Zamu yangu ikafika.

"Na weye uko mama wa nani?" mama muzee mumoja akaniuliza, bila ubaya.

Sijazala. Minyi niko mukunga tu. Ilunga na Kabamba, bote bawili balifikia mu mikono yangu.

Bakachagua Mama Ilunga. Akanifata ku mulango, akaniomba nimufundishe maneno ya kusema.

Nilimufundisha yote. Sasa niko mu nyumba, na hapa hakuna mwenye kuniita jina yoyote.