Mwenyekiti Yuko Nje ya Dirisha

Shikamoo mama. Mie mzima, ila mvua ya Tukuyu haipumziki, na kichwa kimenivurugika.

Leo nimepeleka magunia yangu ya kuuza ushirika wa kahawa, Mpuguso, nikawakuta mkutanoni. Nikamwambia mzee mmoja aliyekaa mbele, "Shikamoo ndugu mwenyekiti!" Watu wakacheka. Mwanamke akaita toka nje, dirishani: "Mwenyekiti ni mimi. Sema!" Kumbe mzee ni baba mkwe wake, na mila ya huku inawakataza kuonana. Basi anaongoza mkutano akilowa!

Mara mzee akajifunika koti usoni, akatoka nje kwa mlango wa nyuma. "Aingie yeye. Mimi nitasikilizia huku."

Mwenyekiti akaingia, akayakataa magunia yangu, eti yana matundu. Mzee kule mvuani akapiga makofi.

Sasa mama, mkubwa pale nani? Nakuwaza sana, kula ushibe.

Mwanao, Hamisi