Miguu Mitatu ya Bunduki ya Baba

Jumanne. Mvua ya rasharasha tangu alfajiri, na hapa Igoma barabara ya kuingia kwetu imekuwa uji. Siwezi kusema nina furaha, siwezi kusema nina huzuni. Nipo tu.

Asubuhi nilikwenda hospitali kupima masikio. Mke wangu ndiye aliyeng'ang'ania. Anasema amechoka kuishi na mtu anayejibu maswali ambayo hajaulizwa. Nikafungiwa kwenye kachumba, nikavishwa vifaa masikioni, nikapewa kitufe cha kubonyeza kila nikisikia mlio. Sikio la kulia nilibonyeza mpaka kidole kikachoka. La kushoto nilikaa nimeshika kitufe changu kama mtu anayesubiri kivuko kilichokwisha ondoka.

Daktari ni kijana mpole. Akauliza sikio lilianza lini. Nikamwambia miaka ya tisini. Akauliza sababu. Nikamjibu kama ninavyomjibu kila mtu: nilipata malaria kali, nikachomwa kwinini nyingi, dawa ikaua sikio. Akaandika.

Sikuchomwa kwinini yoyote.

Uongo huo nimemwambia mke, nimewaambia watoto, nimemwambia mama mkwe, hata padri aliwahi kuniuliza nikamwambia. Umekuwa mwepesi mdomoni kuliko ukweli. Lakini leo nimeuona ukiandikwa kwa kalamu ya bluu kwenye faili lenye jina langu, nikaona aibu. Baba alifariki mwaka jana. Aliondoka na ukaidi wake wote. Wiki ya mwisho alitaka kitanda kigeuzwe, kichwa kiwe miguuni na miguu iwe kichwani, mama akalalamika kwamba sasa mgonjwa haoni dirisha, anaona ukuta. Tukakigeuza. Nadhani hakuna anayeweza kumpunguza kazini sasa. Nimempigia mama simu kumwuliza kama naweza kuandika haya. Amesema, "Andika, mikono ya baba yako imeshapumzika."

Baba alikuwa bwana nyama. Vijana huenda hawalijui neno hili tena. Ni ofisa wa wanyamapori mwenye bunduki ya serikali, yule anayeitwa tembo wakiingia kwenye mahindi au kiboko akianza kuua watu. Kazi hiyo aliianza kabla sijazaliwa. Kijijini kwetu, upande wa Bujora, walikuwa wakilitaja jina lake pamoja na risasi moja, kwa sababu hakuwahi kuhitaji ya pili.

Ilikuwa miaka ya ruksa, soko huria linaingia. Kila kitu kilikuwa ama kinauzwa ama kinafungwa. Kiwanda cha kuchambua pamba nilikokuwa fundi kilitupunguza karakana nzima siku moja, majina yamebandikwa getini. Nikaja Igoma, nikafungua banda la kuchomelea mageti na madirisha. Serikalini nako orodha za kupunguzwa zilikuwa zikizunguka idara kwa idara, na wa kwanza kutajwa walikuwa wagonjwa na wale walioonekana nguvu zimewaishia. Baba alibakiza miaka miwili astaafu kwa heshima.

Na mikono yake ilikuwa imeanza kutetemeka.

Mama aliona kwanza. Akaanza kumwekea chai nusu kikombe bila kuombwa. Mimi niliona siku alipokuja bandani, akainama kufunga kamba za viatu. Zilimshinda. Akazichomeka ndani ya kiatu, akaondoka hivyo hivyo. Kwetu mtoto hamwambii baba yake kwamba mikono inatetemeka. Unajifanya unatafuta nyundo.

Kisha ikaja habari kutoka ng'ambo ya ziwa, Sengerema. Kiboko dume mzee, aliyefukuzwa na wenzake, alikuwa amejitenga kwenye matete ya kijiji kimoja. Alimuua mama mmoja aliyekwenda kufua. Siku chache baadaye akavunja mtumbwi na kumjeruhi mvuvi. Watu wakawa wanachota maji kwa kukimbia. Baba akapangiwa kazi hiyo, na mkuu wake akamwambia mbele ya wenzake kwamba akiona uzito aseme, atatumwa mwingine. Baba akasema haoni uzito. Angesema nini? Mwaka ule aliyeona uzito alikuwa anajiandika mwenyewe kwenye orodha.

Kesho yake akaja bandani, akakaa kwenye kigoda, akatazama geti nililokuwa nachomelea. Akaongea na geti.

"Shija, wale wageni wa vitalu, unakumbuka nilivyokuwa nawacheka?"

Nilikumbuka. Kampuni za uwindaji zilikuwa zimeongezeka, na baba alikuwa akipangiwa kuwasindikiza wageni wao huko upande wa Maswa. Akirudi alitusimulia. Mgeni anatembea mikono mitupu, na mbele yake mfuata nyayo amebeba miti mitatu iliyofungwa pamoja kwa juu. Wakimkaribia nyati, miti inatanuliwa, bunduki inalazwa pale inapokutana, mgeni anafyatua. Baba aliiita kitanda cha bunduki. Alisema bunduki ikishataka kulala, mwenyewe naye angebaki kwao amelala. Tulikuwa tunacheka mpaka mama anatufukuza jikoni.

"Nakumbuka, Baba."

"Nitengenezee."

Akaongeza kwamba ni kwa sababu kiboko hukaa mbali, majini. Nikasema ndiyo, mbali.

Niliacha geti la watu, nikaifanya kazi ile siku mbili. Mabomba matatu membamba ya chuma. Bolti moja juu, ya kuyashika ili yatanuke na kukunjika. Juu yake panda kama ya manati, nikaizungushia mpira wa tairi ili bunduki isiteleze. Urefu nilimpima baba mwenyewe, amesimama na buti zake, bomba la maji begani badala ya bunduki. Kwenye miguu nikachomelea vipande vya nondo nilivyovichonga ncha kali, vishike ardhi. Tukajaribu nyuma ya banda. Ilisimama kama imeota pale. Baba akalaza bomba kwenye panda, bomba likatulia, na yeye akatulia nalo. Akatabasamu, jambo ambalo halikuwa la kila wiki.

Nilijisifu moyoni. Nisifiche hilo.

Aliniomba niende naye, nibebe mimi. Tukavuka. Kijijini tulikuta watu wamejaa juu ya mawe kama wamekuja kutazama mpira. Mwenyekiti wa kijiji, mtu wa makamo mwenye koti la mvua ingawa jua lilikuwa kali, akashuka kutupokea.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba."

"Yuko pale pale. Mzee, ukimkosa huyu, sisi hapa tuhame."

Baba akageukia maji. Kiboko alionekana masikio na macho tu, kama hatua sitini kutoka ukingoni. Risasi yake ni kati ya jicho na sikio, mahali padogo. Ukimjeruhi anapotea, halafu anarudi na hasira, na wa kwanza kumkuta ni mwenye ndoo.

Tukashuka mpaka majini. Nikatanua ile miguu mitatu. Baba akalaza bunduki.

Ikazama.

Haikuwa kwa kishindo. Mguu wa mbele ulianza, polepole, kisha mingine ikaufuata. Mimi nilikuwa fundi wa Igoma, na ardhi niliyoijua ilikuwa kokoto na mwamba. Nilichonga ncha za kutoboa ardhi ngumu, nikazileta kwenye tope la ziwa. Kila baba alipoweka uzito, chuma kilishuka tena. Nikakichomoa, nikasogea, kikazama kule nako. Visahani vitatu vya bati chini ya miguu vingetosha, kazi ya nusu saa. Ila banda lilikuwa ng'ambo ya maji. Juu ya mawe watu wakaanza kucheka.

Baba akainua bunduki begani bila egemeo. Mdomo wa bunduki ukawa unazunguka hewani, unachora vitu. Niliyekuwa karibu kiasi cha kuona ni mimi peke yangu. Akaishusha haraka, kama mtu aliyebadili mawazo.

Sikufikiri sana. Nilisimama mbele yake, nikampa mgongo, nikagonga bega langu la kushoto.

"Weka hapa, Baba."

Akapaza sauti, wa juu ya mawe wasikie: "Chuma cha fundi kimezama! Basi atumike fundi mwenyewe!" Wakaangua kicheko. Nikahisi bunduki inatua begani, nzito, na mtetemo wa mikono yake ukaingia kwenye mfupa wangu. Mkono wa kushoto nikashika mkanda wa bunduki. Wa kulia nikaziba sikio la kulia. Kwa la kushoto sikuwa na mkono.

Akaninong'oneza kwenye sikio hilo, "Pumua na mimi. Nikiacha, acha."

Ndiyo maneno ya mwisho ambayo sikio langu la kushoto lilisikia.

Tulipumua. Sijui mara ngapi. Aliacha, nikaacha, na ule mtetemo ukafifia mpaka nikadhani ameondoka. Kisha ikalia.

Kiboko akatoweka. Kiboko akifa huzama kwanza, mpaka tumbo lijae hewa ndipo anaelea, kwa hiyo hakuna aliyejua. Tulisubiri zaidi ya saa nzima. Baba alikaa kwenye jiwe, ameikalia mikono yake. Kichwani mwangu kulikuwa na filimbi moja isiyokatika. Niliona midomo ya watu ikienda, nikawa naitikia kwa kichwa. Mwisho nikamwona mwenyekiti ameinua mkono, nikageuka. Majini kulikuwa na kitu kama jiwe, mahali ambapo hapakuwa na jiwe.

Nyama ilikatwa na kugawanywa. Sikumbuki sana hiyo. Ninachokumbuka ni kina mama walioingia majini mpaka magotini kujaza ndoo, wanapiga soga, hawana haraka.

Baba alifanya kazi mpaka akastaafu. Waliagana naye kwa sherehe na saa ya ukutani. Na kwa miaka yote iliyofuata, kwenye kila harusi na kila msiba, alisimulia habari za mwanawe aliyetengeneza chuma kinachozama. Watu walicheka, naye akacheka nao. Igoma nikaitwa Fundi Tope. Wateja wa mageti waliniuliza kama geti langu litasimama. Bega alilitaja kama sehemu ya kuchekesha. Mikono hakuitaja hata siku moja.

Nilimkasirikia. Miaka mingi. Niliona amechukua heshima yangu ya kazi akafunikia mikono yake, na mimi ndiye niliyempa bega. Nilijua kwa nini. Nilijua angetolewa kazini na angekufa mapema kwa aibu. Bado nilimkasirikia.

Habari ya sikio sikumwambia. Ningemwambia, angejua ni bunduki yake, na ukifika kwenye bunduki unafika kwenye mikono. Kwa hiyo nikatafuta kwinini. Nilikuwa na hakika amefariki bila kujua, na kuna siku nilijisikia mtu mwema sana kwa sababu hiyo.

Ile miguu mitatu mama anayo mpaka leo, anawekea beseni la kunawa. Nilikuja kuichomelea visahani.

Sasa nije kwenye kilichonifanya niandike. Leo daktari aliponipa majibu alinishauri niwaambie watu wa nyumbani wakae upande wangu wa kulia wanapoongea nami. Nikasema sawa. Kwenye baraza ya hospitali, nikisubiri mvua ipungue, nikaanza kuwahesabu wa kuambiwa. Mke wangu, kanisani hukaa kushoto. Watoto huniita kutoka kokote. Mafundi wangu bandani, hao hata hawajali. Nikafika kwa baba, kwa mazoea tu, kana kwamba yupo.

Sikumpata upande wa kushoto.

Nikatafuta. Kigoda bandani kilikuwa kushoto kwa mashine, na kila akija alikibeba, akaruka nyaya, akaja kukaa kulia. Nilikuwa namgombeza kuhusu zile nyaya. Barabarani alipita nyuma yangu akatokea upande wa pili, nikadhani anafuata kivuli. Kwenye harusi yangu alimwinua mjomba kwenye kiti chake, mjomba akanuna. Hata siku ile tunarudi kutoka Sengerema, kwenye kivuko, alinisogeza kwa kiwiko akakaa kulia. Siku ile ile.

Na kitanda. Chumba kile ni kidogo, kiti changu cha kumlishia uji kilikuwa hakina mahali pengine ila pale mlangoni. Kichwa chake kilikuwa kinaangukia kushoto kwangu. Aliposema kigeuzwe sauti yake ilikuwa imebaki ndogo sana. Kikageuzwa, kichwa kikaja kulia. Akaacha dirisha.

Mimi sikuwahi kumwambia.

Nimelia kidogo pale barazani, si sana. Mama mmoja akanipa nafasi kwenye benchi akidhani nimepewa majibu mabaya.

Alhamisi narudi kwa daktari kuchukua faili. Nitamwomba afute kwinini, aandike bunduki. Akiniuliza aliyefyatua ni nani, nitamwambia ni baba yangu. Na kwamba alijua.