Kuku wa Atieno na Maswali Niliyokosa Kukuuliza

Mama yangu mpendwa,

Tangu tukuzike sijawahi kukuandikia, na hata sasa sijui barua hii nitaipeleka wapi. Lakini kuna mambo yametokea hapa Uriri, na wewe ndiwe ningetaka kukusimulia kwanza.

Unakumbuka asubuhi zile za Homa Bay, tukianika dagaa wa omena ufuoni? Siku moja alikuja mnunuzi kutoka Oyugis. Mlinong'onezana, ukacheka, naye akaondoka na magunia yote. Nilikuuliza mmepatana vipi. Ukanifuta mchanga usoni, ukasema, "Nyathina, mwanangu, pesa ni mambo ya wakubwa. Wewe soma." Nikasoma. Nikawa fundi wa nguo, nikaolewa, nikamzaa Atieno, na bado sikujua mlipatana vipi.

Mjukuu wako sasa ana miaka kumi. Jioni moja redio ilitangaza mikopo, akaniuliza riba ni nini. Maneno yako yalikuwa tayari mdomoni mwangu. Nikayameza, nikamwambia sijui vizuri, nitamtafutia jibu.

Ndivyo nilivyoanza kwenda kanisani Jumamosi alasiri, na si kwa maombi. Mwalimu Peres, mama mstaafu aliyekuwa akifundisha hesabu, huwakusanya akina mama pale na kuwafundisha kutunza pesa. Siku ya kwanza aliniuliza cherehani yangu inaniletea faida gani. Nikamtajia pesa yote ninayoshika kwa wiki. Akauliza kama nimetoa ya kitambaa, ya uzi, ya kodi ya kibanda. Wenzangu walicheka, nami nikacheka nao, lakini nilirudi nyumbani kama mtu aliyeonyeshwa chumba ndani ya nyumba yake ambacho hakujua kipo. Tangu siku hiyo kila nilichojifunza nilimpelekea Atieno jikoni, tukimenya viazi vitamu. Akinikwamisha kwa swali, nililibeba hadi Jumamosi.

Halafu shule ikatangaza safari ya mbuga ya Ruma. Wakati huo nilikuwa nimetoka kununua kitambaa cha sare na sikuwa na kitu. Zamani ningekopa kwa simu nikanyamaza. Mara hii nilimketisha Atieno, nikamweleza kwamba naweza kukopa, lakini tutarudisha zaidi ya tuliyochukua.

"Hiyo ziada inakuwa ya nani?" akauliza.

"Ya aliyetukopesha."

Akafikiri, kisha akasema atamuuza kuku wake. Ni zawadi aliyopewa na dada yako, na alikuwa amekolea kutaga.

"Ukimuuza, mayai yamekwisha," nikamwambia.

"Najua. Lakini sijawahi kuona twiga."

Mama, moyo ulikataa. Je, si ndiyo tuliyofundishwa, tusiuze kinachotulisha kwa ajili ya raha ya siku moja? Nilienda kwa Mwalimu Peres nikitarajia aniunge mkono. Akaniuliza kuku ni wa nani. Nikasema ni wa mtoto. "Basi mwache aamue," akasema, akaendelea kuanua nguo zake.

Sokoni nilisimama pembeni nimeuma midomo. Mwanamke wa kwanza alitaja bei ya chini, na Atieno akamwambia kwa adabu kwamba huyu anataga, atamngoja mwingine. Nilitamani kuingilia. Sikuingilia. Mwanamke akaenda, akazunguka, akarudi na bei nzuri, na mtoto akapata nauli ya safari.

Alirudi kutoka Ruma na vumbi hadi kwenye nyusi, akituonyesha kwa mkono jinsi twiga anavyotembea. Kesho yake asubuhi alitoka na mahindi kiganjani kwa mazoea, akafika kwenye kibanda kitupu cha kuku, akalia. Nilimkumbatia, nikamuuliza kama anajuta. Akasema hajuti, ila anamkosa. Sasa anaweka akiba anunue mwingine, na mimi nimegundua kwamba nilikuwa nikidhani mtoto mwenye akili ya pesa ni yule asiyetumia. Bado najiuliza ni yupi hasa.

Juzi tulikuwa tukiandika yale ambayo kila mmoja wetu angependa kununua. Akaniuliza kuhusu wewe, bibi yake, "Na Dani je? Alipenda kujinunulia nini?"

Nakukumbuka ukinunua sare zetu, mafuta ya taa, dawa ya Baba. Nakukumbuka ukichagua blanketi la mgeni. Kitu chako mwenyewe, ulichokitamani ukakinunua ukafurahi, sikikumbuki, na sijui kama ni kwa kuwa hakikuwapo au ni kwa kuwa hatukuangalia.

Atieno anasema dada yako lazima anajua. Siku ya soko tutaenda kwake Oyugis kumuuliza, na nimemwambia Atieno kwamba kama kitu hicho bado kinauzwa, tutakitafuta.

Pumzika kwa amani, Mama. Tumekukosa sana.

Binti yako,
mama yake Atieno