Nilikula Karanga, Nikausingizia Uji wa Mke Wangu

Mshauri mpendwa, shikamoo kama ni mkubwa wangu, na kama ni mdogo basi marahaba, naomba unisaidie upesi maana nimekasirika mpaka kalamu inatoboa karatasi, na shule niliishia darasa la nne, kwa hiyo nukta utaniwekea mwenyewe pale utakapoona nimeishiwa pumzi.

Mimi ni fundi viatu, mwaka wa thelathini na nane huu niko kwenye kibaraza kile kile, nimewashonea watu viatu vya kwenda kuoa na nimewashonea vile vile wakienda mahakamani kuachana, na kwa umri huu nilidhani meno na mimi tumeshamalizana, kumbe gego la mwisho kule nyuma, lile wanaloliita jino la akili, lilikuwa limelala kifudifudi ndani ya ufizi likinisubiri nizeeke. Likaanza kunipiga mpaka nikawa naona kisigino kimoja viwili, nikaenda kwa daktari wa meno, kabinti kadogo kanaweza kuwa mjukuu wangu, kakanichoma ganzi, kakavuta lile jino kama kanang'oa kisiki, kakanishona nyuzi tatu, na mshono wenyewe nilipouangalia kwenye kioo nilitamani niufumue niurudie.

Kisha maagizo kakampa mke wangu, si mimi, mke wangu, kama vile mimi ni mzigo umeshushwa kwenye basi! Ale vitu laini vilivyopoa, uji, maziwa, ndizi ya kuponda, baadaye supu ya vuguvugu na viazi, asile cha moto, asile pilipili, asile kitu kinachovunjikavunjika, asinywe kwa mrija, asivute sigara, asiteme kwa nguvu, apumzike. Mwanamke huyu hajanisikiliza miaka thelathini na tano lakini kale kabinti alikasikiliza neno kwa neno.

Basi ikaanza jela. Uji asubuhi, uji mchana, jioni viazi vimepondwa mpaka havijui kama viliwahi kuwa viazi, tena kwenye bakuli la plastiki la mjukuu lenye picha ya bata, na huku binti yetu mkubwa, tunayekaa naye, anaguguna mfupa karibu na sikio langu. Nikasema, "Mwanamke, huu uji una maji kuliko kisima." Akanijibu, "Kunywa, mzee. Ukipona utatukana vizuri zaidi."

Siku ya pili nikamwambia naenda kunyoosha miguu, miguu ikanipeleka kibarazani, nikajaza misumari mdomoni kama kawaida yetu, maana fundi viatu asiye na misumari mdomoni ni sawa na aliyekatwa mkono, unausukuma mmoja kwa ulimi, unaufyonza, unautema vidoleni, unagonga, nikapiga soli jozi nne na moyo ukatulia. Ndipo jirani yangu fundi saa akatoa mfuko wa karanga za kukaanga, akasema, "Fundi, umekonda kama uzi wa kiatu. Tafuna, jino lenyewe halipo, utaumwa na nini?" Nikaona mtu ana akili huyu, nikala viganja viwili, na kingine nikatia mfukoni cha njiani.

Siku ya nne shimo likaanza kupiga ngoma, maumivu yakapanda mpaka sikioni, mdomo unanuka hata mwenyewe najigeuzia uso. Siku hiyo hiyo wakaja shemeji zangu, dada wa mke wangu na kaka yao, kunipa pole, wakauliza mbona shavu limefura hivi, na mke wangu amesimama pale na bakuli mkononi, na mimi badala ya kusema karanga nikasema, "Muulizeni dada yenu! Uji wake mchafu ndio umeniozesha mdomo. Tangu lini huyu akajua kupika?" Nikalisukuma bakuli, uji ukamwagikia gauni lake.

Alijifuta, akaingia jikoni, nikasikia sufuria zinagongana, akatoka na sufuria zake tatu, akamwambia dada yake, "Twende."

Leo ni siku ya tatu hayupo. Binti yangu alipekua koti langu akakuta maganda mekundu ya karanga. "Baba, ulikula nini?" "Uji wa mama yako." "Baba!" Akasema, "Mimi simwambii. Utamwambia mwenyewe." Tangu hapo anapika chakula chake, mimi ananiwekea jagi la maji.

Mshauri, nimemkasirikia daktari, nimemkasirikia fundi saa, na zaidi nimemkasirikia mke wangu kwa kuondoka bila kunijibu, angenijibu tungegombana yakaisha. Nyumba imekuwa kimya mpaka nasikia saa ya ukutani, na sikujua kama ina sauti. Nile nini kidonda kifunge, na nimrudishe vipi mwenzangu bila karanga kutajwa? Wewe andika tu kwamba waliong'olewa magego hupandwa na homa wakaropoka wasiyoyajua, mimi nitaikata hiyo habari nimpelekee.

Ni mimi,
Fundi Shavu

JIBU

Fundi Shavu, gazeti hili halikatwi kwa kazi hiyo.

Marahaba hiyo kaa nayo, nami sikuamkii mpaka ulainike. Kwa maumivu, pole, tena pole ya kweli, najua jino halina heshima kwa mtu. Lakini shimo lililozidi kuuma siku ya nne, linanuka na shavu limefura, si la kuandikia barua. Rudi leo kwa yule daktari, na umwite daktari, ukome kumwita kabinti. Atalisafisha, atakuwekea dawa. Ukiona homa, au kinywa hakifunguki, au kumeza kunakushinda, usisubiri hata kumaliza kusoma ukurasa huu. Nenda!

Sasa nikufokee. Umejishtaki kwa karanga, kumbe kosa kubwa umelipita unajisifu. Misumari, mzee! Ile damu inayoganda kwenye shimo ndiyo kifuniko cha kidonda. Ukifyonza kwa nguvu na kutema, unaing'oa, mfupa unabaki wazi, ndiyo hiyo ngoma unayoisikia. Ndiyo maana ulikatazwa mrija. Jozi nne ni misumari mingapi? Kila mmoja umefyonza, umetema, na mikono hiyo hiyo imetoka kushika soli zilizokanyaga kila uchafu wa mtaa. Mteja akivaa kiatu gundi haijakauka, kisha akurudishie soli inaning'inia akisema wewe hujui kazi, ungemfanya nini? Najua ungemfanya nini, nyundo umeshika. Kuanzia leo misumari ikae kwenye kikopo. Wenzako watakucheka. Wacheke, wao wana meno.

Chakula. Uji uliopoa, maziwa, mtindi, viazi vya kuponda, mayai laini, parachichi, ndizi mbivu, supu iliyochujwa ya vuguvugu, samaki aliyechambuliwa miiba yote. Kunywa kwa kikombe. Tafunia upande usio na kidonda, taratibu. Ukimaliza kula, chukua maji ya vuguvugu yenye chumvi kidogo, inamisha kichwa huku na huku, kisha fungua mdomo yamwagike yenyewe bila kutema. Karanga, bisi, mkate mkavu, pilipili, sigara na pombe, hapana, mpaka daktari aseme. Na huo uji upike wewe. Mtu anayepitisha sindano kwenye ngozi ya ng'ombe hatashindwa na mwiko.

Umeisoma vizuri hiyo orodha? Ni ile ile ya mkeo. Sikuongeza la maana.

Unasema umemkasirikia kwa kuondoka bila kukujibu. Amekujibu, ila umezoea majibu ya kelele. Mtu amesimama jikoni anakupozea uji siku nne, anakutania ili usijione mgonjwa, nawe ukamwita mchafu mbele ya ndugu zake, huku maganda yako mfukoni. Hukuropoka, bwana. Ulijua ni uongo kabla haujatoka mdomoni. Homa ya kusingizia hapa hakuna, na mimi siitungi.

Hasira yako nimeihesabu: imepita kwa daktari, kwa fundi saa, kwa mkeo, hata mshono umeukasirikia. Mlangoni kwako haijabisha hodi. Ifungulie.

Ukitoka kwa daktari, nenda kwa shemeji yako, yule dada aliyeondoka na mkeo. Kaka yao naye umwombe awepo, maana ulimtukana dada yao wakiwepo, na radhi utaiomba wakiwepo. Usiwaite pembeni. Simama, useme: "Nilirudi kazini, nikatia misumari mdomoni, nikala karanga. Uji wako haukuwa na kosa. Nilisema uongo, na nilikuaibisha. Nisamehe." Basi. Usiongeze "lakini." Usiweke utani, nakusoma kwenye barua yako, wewe ukibanwa unachekesha, na siku hiyo kicheko kitakuwa tusi la pili. Usiulize atarudi lini. Usiombe chakula. Aga, uondoke.

Akirudi, mpokee sufuria mlangoni uzibebe mwenyewe mpaka jikoni, kimya. Asiporudi wiki hii, nenda tena wiki ijayo ukaseme maneno yale yale, kwa sauti ile ile, na wiki nyingine tena. Yeye amekuvumilia ukisema kwa miaka thelathini na tano. Sasa ni zamu yake kuamua, na wewe kusubiri.