Mama na Treni ya Alhamisi

Kaka yangu mpendwa,

Shikamoo. Ni matumaini yangu kwamba uko salama, na wifi pia, na kwamba mguu wake umeacha kumsumbua, na watoto wanakula na kusoma kama inavyotakiwa. Sisi huku hatujambo. Mama ni mzima, na hilo naliandika mapema kabisa kwa kuwa najua ndilo unalotaka kulijua kwanza. Mzima wa mwili, mzima wa akili. Sasa, kabla hujamuuliza mtu neno lolote, vuta kiti usome barua yote hadi mwisho. Unanijua, nikianza kueleza jambo sijui kufupisha, na jina la Kasuku hukunipa bure.

Nilipokupigia simu mwezi uliopita nilikuwa nimechanganyikiwa. Kila Alhamisi Mama alikuwa anatoka asubuhi na kurudi jua linazama. Ukimuuliza, leo alikuwa kliniki, wiki iliyopita alikwenda kumjulia hali mgonjwa, na huyo mgonjwa ukikutana naye yuko sokoni anabishania bei ya vitunguu. Kisha mama mwenye duka la mbele akanivuta pembeni, akaniambia amemwona Mama stesheni peke yake, na kikapu kimefunikwa kitambaa. Wewe ukasema ama akili zimeanza kumhama, ama kuna tapeli anamkamua. Ulipoamua kuja mwisho wa mwezi umchukue akakae kwako moja kwa moja, na nyumba yake apewe mpangaji, nilikubali. Lakini roho iliniuma, kwa sababu tangu Baba afariki, nyumba ile ndiyo mahali pekee Mama anapopanga mambo apendavyo yeye.

Basi Alhamisi iliyopita nikafunga saluni. Mteja mmoja nilimwacha kichwa nusu kimesukwa, akanitukana vilivyo, na haki yake. Nikajifunga mtandio hadi puani, nikamfuata Mama mpaka kwenye dirisha la tiketi. Alipoondoka nikaomba tiketi kama yake. Muuza tiketi akanieleza kwamba hiyo ni treni ya polepole, inasimama kila kituo, mwenye haraka haipandi. Katikati ya wiki nauli yake ni ya kutupa, na wazee wanalipa nusu. Kwenda na kurudi haifiki hata bei ya kumsuka mtoto mdogo.

Nikakaa safu chache nyuma yake, nikimsubiri huyo tapeli. Akaja mwanaume mwenye mkoba, akaketi karibu na Mama. Nikanyanyuka nusu, tayari kwa vita. Kumbe alikuwa anauliza kama kiti kina mtu, na alipokipata akalala, akakoroma mpaka aliposhuka. Akaja mkaguzi wa tiketi. Huyo akampa Mama shikamoo ya heshima, akamwambia leo hakuna ukungu, milima yote inaonekana. Mama akashukuru kama mtu aliyeambiwa mwanawe amefaulu mtihani. Halafu akafunua kikapu. Macho yalinitoka. Mlikuwa na mto wa kukalia, chupa ya chai na mkate, basi. Akaweka mto juu ya kile kiti cha mbao, akashusha kioo, akatazama nje.

Kaka, tumekulia mji huu na hatujui tunachoishi nacho. Ile reli inapanda mlima kwa kuzunguka, mpaka wewe uliyeko behewa la nyuma unakiona kichwa cha treni yako mwenyewe kikiingia kwenye kona. Chini kuna mto, na watu mashambani wananyoosha migongo kupunga mkono. Mama aliwapungia wote, hakubagua. Nami nikasahau kabisa kazi iliyonipeleka. Mtandio ulishaanguka mabegani, na nilipogeuka, Mama alikuwa ananitazama. Hakukasirika. Aliniambia nihamie kwake kwa sababu upande niliokaa daraja halionekani.

Alijaribu tena ile habari ya kliniki, lakini akaona mwenyewe kwamba ndani ya behewa haishiki, akacheka mpaka akafuta machozi. Ndipo akasema kwamba alikuwa anaona aibu. Maisha yake yote hajawahi kusafiri bila sababu. Ni msiba, ni hospitali, ni harusi, ni kumpeleka mmoja wetu shule. Na katika safari zote hizo, dirishani tulikaa sisi. Yeye alikaa katikati, mizigo miguuni, akitushika nguo tusianguke. Alitusikia tukishangilia tumeona hiki, tumeona kile, yeye akiona visogo vyetu. Sasa nafasi anayo, lakini mtu mzima apande treni kwenda kutazama milima tu, watu wangesemaje? Ndiyo maana ya kikapu. Mwenye kikapu haulizwi anakwenda wapi. Kule katikati ya njia treni mbili zinapishana, basi yeye anahamia ile inayorudi na kuja zake nyumbani. Hapo nililia kweli, Kaka, kwa furaha. Dukuduku la mwezi mzima lilinitoka palepale.

Sasa lililo gumu. Nilimwambia. Tulikubaliana nisifungue mdomo mpaka uje, lakini nilishindwa kunywa chai yake huku namficha. Nikamweleza yote, chumba ulichomwandalia, mpangaji, tarehe. Akaifunga chupa ya chai, akairudisha kikapuni, nikajua nimeharibu. Kisha akasema anakushukuru kwa chumba, na kwamba anajua ni mapenzi, lakini nyumba yake hahami. Nikamwomba akupigie simu akwambie hivyo. Akakataa. Akasema tangu mdogo wewe huambiliki kwa mbali, unaambiwa ukiwa unatazamwa usoni. Akaniuliza kama najua kwamba reli hiyohiyo, ukienda nayo mpaka mwisho, inafika mjini kwako. Nilikuwa sijui. Yeye alikuwa anajua siku nyingi.

Kwa hiyo barua hii haikupitia posta. Aliyekukabidhi bahasha ni Mama mwenyewe, amekuja peke yake, na hakupotea njia. Atakaa kwenu wiki moja, kisha atarudi kwake. Nimemwomba asiseme neno mpaka umalize kusoma, na kwa jinsi ninavyomjua, sasa hivi amekaa mbele yako ametulia, anakutazama.

Nisalimie wifi sana, na wanangu wote, mkubwa kwa mdogo. Mimi nimebaki namwagilia maua ya Mama na kuwaomba radhi wateja. Sasa Kaka, weka karatasi chini, uinue macho.

Ni mimi mdogo wako,
Kasuku