Pweza Ana Mioyo Mitatu

Jumatatu, 5 Mei
Madaftari ya darasa la tano nimemaliza kusahihisha. Maharage yameiva. Mvua tangu asubuhi. Baba Neema kachelewa tena, kala, kanyamaza. Nikamuuliza leo kasoma nini. Vitu vya kawaida tu, kasema. Akaenda kulala.

Zamani alikuwaga hamalizi tonge bila kunisimulia. Nyota, vita vya kale, namna simu inavyonasa sauti hewani. Anasomaga kila kitu, vile vitabu vya mitumba vinavyopangwa chini karibu na ofisi yao. Ndicho kilichonifanya nimkubali. Pesa hakuwa nayo, habari alikuwa nazo.

Jumatano, 7 Mei
Nimeenda kununua sukari kwa Mzee Nassor, duka la kona, alilorithi kwa babake. Nikampa shikamoo. Kaitikia marahaba, kisha kwa raha zake: "Mwalimu, kumbe pweza ana mioyo mitatu! Mumeo ndo kanifundisha."

Mie sijui. Mie mkewe. Supu ya pweza tumekunywa wote mara ngapi, na sijaambiwa.

Nimelipa. Sukari nimeisahau hukohuko dukani.

Alhamisi, 8 Mei
Nimepita makusudi saa anayotoka kazini. Nimemwona. Kiti cha plastiki mbele ya duka, kahawa, kitabu pajani. Mzee anabisha, anapiga meza. Baba Neema anacheka kicheko ambacho nyumbani sijakisikia mwaka huu.

Angekuwa mwanamke ningejua pa kuanzia. Huyu nitamshtaki kwa nani? Nikisema namwonea wivu mzee muuza sukari, watanicheka mpaka stendi ya Rangi Tatu.

Ila wivu ninao, tena mwingi. Mzee analishwa cha moto. Mie hata kiporo siletewi.

Jumapili, 11 Mei
Mahubiri yamenipita. Nilikuwa nawaza kitabu cha sayari alichonunua Baba Neema jana. Kiko juu ya kabati, hajakigusa. Alipojilaza mchana nikakishusha.

Kiingereza kigumu, kamusi pembeni. Nikanasa moja: kwenye Zuhura siku moja ni ndefu kuliko mwaka wake. Inajizungusha polepole mno, inamaliza kulizunguka jua kabla haijajigeuza yenyewe mara moja. Nikarudia kusoma nihakikishe. Nikakirudisha kama kilivyokuwa. Nimefurahi, furaha ya ubaya.

Jumanne, 13 Mei
Jana usiku alikianza kile kitabu. Leo nimetoka shule, nimepitiliza dukani kabla yake. Nimemmwagia Mzee Zuhura yote. Kanibishia. Nikambishia. Nimekalia kiti kilekile cha plastiki na sikutaka kuondoka.

Jioni Baba Neema kaingia, uso umemshuka. Kumbe huko dukani, alipoanza tu habari ya Zuhura, Mzee kamkata: hiyo mkeo keshaileta.

Hajala. Nilidhani nitashangilia. Nimeshangilia kidogo, halafu nimejisikia vibaya.

Jumatano, 14 Mei
Tumegombana. Nimemtolea yote, mpaka pweza. Nimelia, na mie silii ovyo. Nikamuuliza yule mzee ana nini ambacho mie sina.

Kafikiri kwanza. "Mama Neema, yule ananibishia. Wewe kila nikisema, ehee. Nikikwambia jua lina pembe nne utaniambia ehee."

Mie nilidhani kuitikia ndo kumpenda. Mama alinilea hivyo, mwanaume akiongea usimkatize. Na nilikuwa nasikiliza, kila neno. Yeye alikuwa anangoja nikatae.

Nina hasira na mama. Nina hasira na yeye. Na pweza pia.

Ijumaa, 16 Mei
Leo hakupita dukani. Ugali na dagaa. Neema yuko bweni, tupo wawili tu. Kisha kaanza, kwa woga kidogo: eti mashine iliyobadilisha maisha ya watu kuliko zote ni saa.

Ehee ikanifika mdomoni. Nikaimeza.

"Hapo umekosea," nikamwambia. "Ni bomba la maji."

Kaweka tonge chini. Kavuta kigoda karibu. Nimemweleza ndoo, foleni za kisimani, wanafunzi wangu wa kike wanaofika kipindi cha pili wamelowa mabega. Kasema bila saa hata hicho kipindi cha pili kisingekuwepo. Nikasema bila maji hakuna wa kukihudhuria.

Hajakubali. Na mie sijakubali. Nimeosha vyombo, yeye akifuta, bado anabisha.